Programu ya kujitolea imegoma: tafuta tatizo kwa kufuata dalili

Mwongozo huu ni wa wanaotunza programu huria bila mshahara. Nawafikiria wale watu watatu au wanne wanaokutana Jumamosi mchana Kijitonyama au Mwenge: mmoja anafanya kazi benki, mwingine yuko mwaka wa tatu Mlimani, wa tatu ni fundi wa mitandao wa Ubungo. Programu yao inatumiwa kila siku na watu wasiojua kwamba nyuma yake hakuna kampuni wala dawati la huduma kwa wateja. Mifano mingi nimeitoa kwenye programu ya hesabu za vikoba ambayo mimi na wenzangu tunaitunza hapa Dar es Salaam, lakini dalili ni zilezile kwa programu ya maktaba ya shule, ramani ya mtaa au daftari la zahanati.

Nimepanga kwa maneno ya wanaoripoti, maana hakuna katibu wa kikoba atakayepiga simu kusema cheti cha seva kimeisha muda. Atasema "haifunguki". Chini ya kila dalili, sababu iliyotangulia ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Na kabla hujafungua msimbo kwa dalili yoyote, uliza nani analipa na nani anashika funguo. Kwenye miradi ya kujitolea huko ndiko hitilafu nyingi zinakoanzia.

"Haifunguki kabisa"

Kwanza jua haifunguki kwa nani. Jaribu kwa laini ya mtandao mmoja, kisha mwingine, halafu muombe mtu aliye nje ya nchi ajaribu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Seva zilizokuwa Ulaya zilikuwa zima kabisa. Siku ya namna hiyo, anayezima na kuwasha seva anajitengenezea tatizo la pili juu ya lile asiloweza kulitatua. Waandikie watumiaji kwamba tatizo ni la mtandao, subiri.

Ikiwa haifunguki kwa wote, anza na bili. Seva za kujitolea huwa zinalipiwa na kadi ya mtu mmoja, mara nyingi kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na salio la simu. Siku ya kukatwa ikikuta salio halipo, mtoa huduma anajaribu tena mara kadhaa, anatuma barua pepe kwenye anwani ambayo hakuna anayeifungua, kisha anazima. Kwa hiyo fungua ile barua pepe, pamoja na folda ya barua taka, kabla ya kitu kingine chochote. Ukishalipa, weka tarehe ya malipo kwenye simu za watu wawili, na kama mtoa huduma anapokea malipo ya mbele, lipeni miezi kadhaa kwa mkupuo mchango unapokuwepo.

Bili ikiwa sawa, angalia kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti yenu, kwa amri ya `whois`. Kikoa cha .com au .org kilichoisha muda hakiendi kwa mtu mwingine siku hiyohiyo. Hata msajili akishakifuta, kuna siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kukikomboa kwa kulipa zaidi. Zikipita hizo, yeyote anaweza kukinunua, na wapo wanaokaa wakivizia vikoa vyenye wageni wengi.

Kinachofuata ni cheti cha seva, kile kinachokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe. Dalili yake ni kwamba kivinjari kinafungua ukurasa wa onyo unaosema muunganisho si salama. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo miradi mingi midogo inavitumia, vinadumu siku 90, na tangu Juni 2025 taasisi hiyo imeacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Waliokuwa wanategemea barua zile sasa wanapata habari kutoka kwa watumiaji waliokasirika. Endesha `certbot renew --dry-run` usome inalalamikia nini. Mara nyingi utakuta mtu alikaza ulinzi wa seva kwa nia njema akafunga poti ya 80, na njia ya kawaida ya kuhuisha cheti inapita hapohapo.

Simama hapa ikiwa huwezi kuingia kwenye akaunti ya mtoa huduma na mwenye akaunti hapatikani. Usibahatishe nywila, utafungiwa. Nenda kwenye dalili ya mwisho.

"Inafunguka, lakini haihifadhi"

Hii ndiyo inayowaumiza watumiaji kuliko zote, kwa sababu inatokea katikati ya kazi. Mweka hazina ameandika hisa za wanachama wote, marejesho ya mikopo na mfuko wa jamii, anabonyeza "Hifadhi", kijiduara kinazunguka, fomu inarudi tupu. Wanachama bado wamekaa kwenye viti vya plastiki uani, hela iko mezani haijafungiwa. Mtu huyu akipiga simu, mwambie kwanza aandike kila kitu kwenye daftari la karatasi kabla kikao hakijavunjika. Utatuzi wa seva unaweza kungoja. Kumbukumbu za watu zikishasambaa hazikusanyiki tena.

Sababu ya kawaida ni diski kujaa. `df -h` itakuonyesha kama imefika asilimia 100. Mlaji mkubwa huwa ni faili za kumbukumbu za seva ambazo hakuna aliyeziwekea kikomo. Tazama `du -sh /var/log/*`, kisha punguza kwa `journalctl --vacuum-size=200M` na uweke utaratibu wa kuzizungusha. Kama `df -h` inasema nafasi ipo lakini bado inakataa, endesha `df -i`. Diski ina kikomo cha idadi ya faili pia, na programu inayoandika faili ndogo kwa kila mtu anayeingia, bila kuzifuta, inakimaliza hicho kikomo huku gigabaiti zikiwa zimebaki.

Onyo: ukitafuta nafasi, usifute kwa `rm` faili yoyote iliyo kwenye folda ya kanzidata, hata kama jina lake linafanana na kumbukumbu za kawaida. Kama hujui `ibdata1` ni nini, huo ndio mpaka wako. Muite anayejua.

Sababu ya pili imekua sana siku hizi: roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya kufundishia akili mnemba. Mwaka 2025 miradi huria mikubwa ililalamika wazi. GNOME, mradi unaotengeneza mwonekano wa kompyuta za Linux, ilifikia kuweka kizuizi kinachoitwa Anubis, kinachokilazimisha kivinjari cha mgeni kufanya hesabu kidogo kabla ya kuruhusiwa kupita. Sisi wa seva ya bei ya chini tunaumia mapema zaidi. Fungua faili la wageni, hesabu ni anwani zipi zinaomba kurasa nyingi zaidi. Ukikuta maelfu ya maombi kwenye kurasa za kutafuta au za historia, weka kikomo kwa `limit_req` ya nginx (programu ya seva inayohudumia kurasa) na uzifungie kurasa hizo nyuma ya kuingia kwa akaunti. Watumiaji wako halisi hawatahisi tofauti.

Sababu ya tatu ni msimu. Vikoba vingi vinavunja mzunguko mwezi Desemba, na wiki hiyo kila kikundi kinataka ripoti ya mgao kwa wakati mmoja. Ombi moja la kanzidata lisilo na faharasa (orodha ya kutafutia haraka), ambalo mwezi Machi halikusumbua mtu, linasimamisha kila kitu. Washa kumbukumbu ya maombi ya polepole, tafuta lile linalorudiarudia, liongezee faharasa. Lifanye hilo mwezi Oktoba, wakati mzigo ungali mdogo.

"Tangu mlivyosasisha, ukurasa ni mweupe"

Ukurasa mweupe maana yake programu imekufa na imefichwa isiseme kwa nini. Soma faili la makosa kabla ya kubadilisha lolote.

Mara nyingi kilichobadilika ni seva, msimbo wenyewe hujaugusa. Mtoa huduma amehamia toleo jipya la PHP, lugha ambayo programu nyingi za wavuti zimeandikwa. PHP 7.4 ilifikia mwisho wa matengenezo Novemba 2022, na toleo la 8 liligeuza mambo mengi yaliyokuwa onyo tu kuwa kosa linalosimamisha kazi. Kwa mfano, kuita `count()` kwenye kitu kisicho na thamani sasa ni kosa kamili. Amri ya `php -v` inaweza kukudanganya, maana toleo la mstari wa amri si lazima liwe lile ambalo seva ya kurasa inalitumia. Rudisha toleo la zamani kwa muda kwenye paneli ili watu waendelee na kazi, kisha rekebisha msimbo kwenye nakala. Kwa muda, narudia. Toleo lisilopata viraka vya usalama si mahali pa kukaa.

Pili, viendelezi, vile vipande vya nyongeza vinavyopachikwa kwenye programu. Vizime vyote, washa kimoja kimoja.

Tatu, maktaba za watu wengine. Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa kwenye npm, ghala la maktaba za JavaScript, maktaba yake ya left-pad, yenye mistari 11 tu, na ujenzi wa programu ukakwama duniani kote. npm walibadilisha kanuni za kuondoa maktaba baada ya hapo, lakini somo la kiufundi halijabadilika: faili la kufungia matoleo, `package-lock.json` au `composer.lock`, liingie kwenye hazina ya msimbo, na kwenye seva tumieni `npm ci` badala ya `npm install`, ili kinachowekwa kiwe kilekile mlichokijaribu.

Ikibaki kwamba kosa ni lenu, `git bisect` inafanya kazi nzuri kuliko ubishi. Unaitajia badiliko lililokuwa zima na lililoharibika, nayo inagawa nusu kwa nusu. Kati ya mabadiliko 1,000, majaribio takriban 10 yanakufikisha kwenye lile lililovunja.

Simama ikiwa sasisho liligusa muundo wa kanzidata. Kurudisha msimbo wa zamani juu ya kanzidata mpya kunaweza kuharibu kumbukumbu kimyakimya, na utaligundua hilo wakati wa kugawana. Rudisha nakala rudufu kwenye kompyuta nyingine kwanza, linganisha hesabu, ndipo uamue.

"Tarehe si zenyewe" na "emoji zimekuwa alama za kuuliza"

Seva nyingi zinatumia UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele mwaka mzima. Malipo yaliyofanywa Dar es Salaam saa sita na nusu usiku tarehe 1, seva inayaandika tarehe 31, na mweka hazina anashangaa faini ya kuchelewa haikutozwa. Hifadhi kwa UTC, lakini onyesha na ukokotoe mwisho wa mwezi kwa `Africa/Dar_es_Salaam`. Emoji na baadhi ya herufi zikiharibika, karibu kila mara kanzidata ya MySQL iko kwenye `utf8` ya zamani inayoishia baiti tatu. Hamia `utf8mb4`, baada ya kuchukua nakala.

"Bekapu tunazo"

Hii haipigiwi simu na mtu, ndiyo maana naiweka kama dalili. Kikundi kinachosema bekapu zipo lakini hakikumbuki mara ya mwisho kuirudisha moja ni kikundi kisicho na bekapu.

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunza msimbo wa wengine, alifuta kwa bahati mbaya kanzidata iliyokuwa ikitumika. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala na hakuna iliyokuwa inafanya kazi kama walivyodhani. Chombo cha kuchukua nakala kilikuwa toleo lisiloendana na kanzidata, kikawa kinashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa. Wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla. Kisha tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg liliungua, na waliokuwa wameweka nakala zao palepale walipoteza vyote.

Kwa hiyo angalia kwanza ukubwa wa faili la jana. Nakala ya kilobaiti chache kwa kanzidata ya megabaiti mia ni faili tupu lenye jina zuri. Kisha angalia muda: kazi iliyopangwa saa nane usiku kwa UTC inaendeshwa saa kumi na moja alfajiri hapa kwetu, watu wa mapema wakiwa wameshaanza kuingia. Kisha chukua kompyuta ya mtu mwingine, si ya aliyetengeneza bekapu, na umwache airudishe mwenyewe kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa. Akikwama, maelekezo ndiyo mabovu. Nakala moja ikae kwa mtoa huduma mwingine kabisa, ikiwa imefungwa kwa nywila.

"Naona vitu ambavyo sikuviweka"

Akaunti mpya ya msimamizi, kurasa za kamari, barua pepe zinazotoka usiku. Hapa onyo linatangulia ukaguzi: usianze kusafisha. Kufuta faili la kwanza unaloliona kunafuta ushahidi na kunamwachia mvamizi mlango wake wa pili. Chukua nakala ya diski nzima ilivyo, tenga seva na mtandao, kisha badilisha nywila na funguo zote kutoka kwenye kompyuta nyingine.

Sababu ya kawaida ni kiendelezi kisichosasishwa. Inayofuata ni ufunguo uliovuja kwenye hazina ya msimbo. Mtu aliandika nywila ya kanzidata kwenye faili, akaisukuma, akaifuta kesho yake. Git inahifadhi historia, kwa hiyo kufuta hakusaidii. Ufunguo uliowahi kuonekana hadharani ubatilishwe kwanza, historia isafishwe baadaye.

Huu ndio wakati wa kuita wataalamu bila aibu. TZ-CERT, chini ya TCRA, inapokea taarifa za matukio ya usalama wa mtandao. Na kama mnahifadhi majina, namba za simu na madeni ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata kama hamlipwi: taarifa zikivuja, mkusanyaji anatakiwa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waambieni na wenye taarifa. Mama aliyeweka deni lake kwenye programu yenu ana haki ya kusikia kwenu kabla hajasikia mtaani. Seva yenyewe ijengwe upya kutoka mwanzo, isipigwe viraka.

"Nimeripoti mwezi sasa, hakuna anayejibu"

Mara nyingi ripoti ilikuja kwenye grupu la WhatsApp, ikapita kati ya tangazo la msiba na michango ya harusi. Grupu ni la kusalimiana na kutoa taarifa za haraka. Ripoti iandikwe mahali penye namba, na mtu mmoja kwa zamu awe na kazi ya kuihamisha kutoka kwenye simu, kwa sababu mtumiaji wa Mbagala hatafungua akaunti ya wasanidi ili tu aseme kitufe hakifanyi kazi.

Pili, ripoti haijibiki. "Haifanyi kazi" peke yake haimpi mtunzaji pa kuanzia. Fomu iulize mambo manne: ulikuwa unafanya nini, ulitegemea kuona nini, uliona nini, unatumia simu gani. Picha ya skrini inatosha kwa mengi.

Tatu, michango isiyo na maana imewafunika watunzaji. Oktoba 2020, kampeni ya Hacktoberfest iliyokuwa inatoa fulana kwa wachangiaji ilizamisha miradi kwa mabadiliko ya kuongeza neno moja kwenye faili la maelezo, hadi waandaaji wakaamua mradi ujiunge kwa hiari yake kwanza. Leo ni ripoti za usalama zinazoandikwa na akili mnemba. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamishia data mtandaoni, amelizungumzia wazi kwa miaka kadhaa: ripoti ndefu, zenye lugha nzuri, zikielezea tundu ambalo halipo. Kanuni ya kuikataa ripoti ya usalama isiyo na hatua za kurudia tatizo inaokoa Jumamosi nzima.

Ya nne inaniuma zaidi. Wageni walijaribu kusaidia wakajibiwa vibaya. Kijana wa chuo anauliza swali lake la kwanza, anaambiwa "soma maelekezo", na maelekezo yenyewe yako kwa Kiingereza na ni ya toleo la miaka mitatu nyuma. Hatauliza tena, wala hatarudi. Jibu linalofaa halichukui muda mrefu: "Asante sana kaka kwa taarifa hii. Nimeliona tatizo, tutaliangalia Jumamosi. Kama utaweza, jaribu hatua hizi mbili utuambie matokeo." Linasema limepokelewa, linataja siku, linampa kazi. Na kama hamtalifanya, semeni hivyo kwa heshima na mlifunge. Watu wanavumilia "hapana" iliyoelezwa. Kinachowafukuza ni ukimya.

"Tunaweza kuitumia ofisini kwetu?" na hakuna anayejua

Hakuna faili la leseni. Watu hudhani msimbo uliowekwa hadharani ni wa wote, na sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na bila leseni mwenzako hana ruhusa ya kunakili wala kurekebisha. Chagueni MIT, Apache 2.0 au GPL siku ya kwanza, kwa kuwa kubadilisha baadaye kunahitaji ridhaa ya kila aliyechangia, hata aliyehamia Mwanza na kubadili namba. Mchangiaji aliyeajiriwa asome mkataba wake wa kazi. Mkataba ukidai kwamba kila anachoandika ni mali ya mwajiri, hilo ni swali la mwanasheria.

"Siku hizi hajibu, na akijibu ni mkali"

Endesha `git shortlog -sn --since="1 year ago"`. Jina moja likibeba karibu mabadiliko yote, huna mtu mkali, una mtu aliyechoka.

Dunia imelipia hili. Tundu la Heartbleed lilipotangazwa Aprili 2014, ilijulikana kwamba OpenSSL, iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, ilitunzwa na watu wachache mno na ilikuwa inapata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream aliikabidhi maktaba hiyo kwa mgeni aliyejitolea kusaidia, na mgeni akaingiza msimbo wa kuiba fedha za kidijitali.

Kisha xz, programu ya kubana faili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, Machi 2024. Lasse Collin alikuwa anaitunza karibu peke yake, kama kazi ya ridhaa, na alikuwa amesema hadharani kwamba afya yake ya akili ilikuwa inamsumbua. Akaunti zisizojulikana zikawa zinamlaumu kwa kuchelewa, huku mtu aliyejiita Jia Tan akichangia kwa upole na bidii kwa zaidi ya miaka miwili hadi akapewa funguo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri. Andres Freund aliukuta kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, kunachelewa kama nusu sekunde. Sehemu muhimu ya msimbo ule haikuwa kwenye hazina ya Git. Ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo ambacho watu walikipakua.

Hatua rahisi kwanza: mpigie simu. Usimwandikie kwenye grupu. Muulize anataka kupunguziwa nini. Wawili wachukue ripoti, mmoja achukue matoleo, na tangazo litoke kwamba kwa miezi mitatu mradi utapokea marekebisho ya usalama pekee. Mtunzaji ana haki ya kupumzika bila kueleza sana, na ana haki ya kuondoka akaagwa vizuri.

Hatua za ndani zaidi: hakuna badiliko linaloingia bila jicho la pili, vifurushi vya matoleo vijengwe moja kwa moja kutoka kwenye hazina, na funguo zitolewe kidogo kidogo kwa mtu mliyekaa naye meza moja. Mgeni akiwa na haraka ya kupewa haki za kutoa matoleo, na sauti nyingine zikaanza kumshinikiza mtunzaji kwa ajili yake, simamisheni makabidhiano.

Na kama mwenzenu halali usingizi, hali chakula, amejifungia au anasema maneno ya kukata tamaa, hilo halimo katika uwezo wa kikundi. Mfikisheni kwa daktari, mkae naye, programu ingoje.

"Funguo anazo yeye, na hapatikani"

Sababu ya kawaida ni laini ya simu. GitHub ilianza mwaka 2023 kuwataka wachangiaji wa msimbo waweke uthibitisho wa hatua mbili, na huduma nyingi zimefuata njia hiyo. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyofungwa kwa kutotumika, au simu yenye programu ya namba hizo iliibiwa kwenye daladala. Ukaguzi wa kwanza ni kutafuta misimbo ya kurejesha akaunti, ile orodha ambayo huduma inakupa siku ya kuweka uthibitisho. Kama ipo, mmemaliza. Ichapisheni kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha, ikae kwa mtu wa pili.

Sababu ya pili, kila kitu kilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mwanzilishi, ambaye sasa amepata kazi mkoani na ana maisha mengine. Mwombeni muda wa saa moja, kwa ana kwa ana au kwa simu, mkiwa na orodha mkononi: kikoa, seva, hazina ya msimbo, akaunti ya kuchapisha maktaba, barua pepe, kadi. Kila kimoja kihamie kwenye akaunti ya kikundi yenye wamiliki wawili. Kikoa kiwe cha mwisho, baada ya barua pepe mpya kuthibitishwa kwamba inapokea.

Ya tatu ni kifo, na inatokea. Msiba si mahali pa kuuliza nywila. Kazini kwenu, chukueni nakala ya msimbo ambayo kila mmoja anayo kwenye kompyuta yake, anzisheni hazina mpya, tangazeni anwani ya muda. Familia ikiwa tayari, mtoa huduma atahitaji cheti cha kifo kutoka RITA na uthibitisho wa anayesimamia mirathi. Andaeni maombi yenu kwa maandishi ili wasilazimike kuelewa seva ni nini.

Hapa acheni kutatua wenyewe katika hali mbili: aliyeshika funguo anadai fedha ili azitoe, au kuna michango ya watu iliyobaki kwenye akaunti yake. Msiingie kwa nguvu kwenye akaunti yake hata kama mnaijua nywila, kwa kuwa kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tafuteni wakili, mpelekeeni kumbukumbu za malipo na ujumbe wote mlioandikiana. Wakati mkisubiri, muulizeni pia njia ya kusajili kikundi, iwe kama shirika lisilo la kiserikali au kama kampuni yenye ukomo wa dhamana pale BRELA, ili kikoa kinachofuata kiandikwe kwa jina la kikundi tangu siku ya kununuliwa.